Kwanza wamwite mashine, kisha wamtese

Wapo wanaodhani kuwa tamthilia za maroboti ni mambo ya watoto. Mimi nasema moja ya hizo, Battlestar Galactica ya Marekani, inamfaa mtu mzima anayetaka kujua vita vya Iraq viliingiaje katika fikra za Wamarekani wenyewe.

Kisa chenyewe ni hiki. Wanadamu waliunda maroboti yaitwayo Cylon ili yawatumikie, yakaasi. Baada ya miaka 40 ya utulivu yakarudi na mabomu ya nyuklia, yakaangamiza sayari 12. Walionusurika, wapatao 50,000, wakakimbilia angani. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1978. Ninalozungumzia ni la Ronald D. Moore, lililoonyeshwa kuanzia 2003 hadi 2009, ambamo baadhi ya Cylon wana sura, nyama na damu kama watu.

Ajabu nyingine ni dini. Wanadamu wanaapa kwa miungu mingi, na adui ndiye anayehubiri Mungu mmoja. Baadhi ya ndugu zetu wataona hapo kejeli kwa Uislamu. Sidhani, kwa sababu tamthilia hii haimpi upande wowote utakatifu.

Sasa tazama lugha. Wanadamu wanamwita Cylon "tosta", yaani kile chombo cha kubanikia mkate. Katika sehemu moja ya msimu wa kwanza, rubani Starbuck anamhoji mfungwa wa Cylon aitwaye Leoben. Anakula mbele yake ilhali mwenzake ana njaa, kisha anaamuru kichwa chake kizamishwe ndani ya ndoo ya maji, tena na tena. Anaona wazi kuwa mfungwa anatoka jasho na anaumia. Lakini si ni tosta? Mwishowe Rais Laura Roslin anaagiza atupwe nje ya chombo. Haya yalionyeshwa chini ya mwaka mmoja tangu picha za Abu Ghraib zilipotoka, Aprili 2004.

Oktoba 2006 Moore akageuza meza. Cylon wakaikalia New Caprica, makazi mapya ya wanadamu. Wakaunda polisi wa wenyeji, wakakamata watu usiku. Kanali Tigh, aliyeng'olewa jicho kizuizini, akawatuma watu wajilipue. Tamthilia haikumpamba: Tyrol, mwenzake katika mapambano, alimwambia kuwa yapo mambo ambayo hayafanywi hata vitani. Ila mtazamaji wa Marekani alijikuta amekaa upande wa waliokaliwa.

Na hapa ndipo ninapopata uchungu. Ili mtu huyo amwonee huruma mkazi wa Fallujah, ilibidi kwanza Fallujah ipelekwe angani na wakazi wake wapewe majina ya Kimarekani. Mwiraqi mwenyewe, mwenye jina lake na watoto wake, aliendelea kuwa "gaidi" katika taarifa ya habari ya saa iliyofuata.

Machi 17, 2009, Umoja wa Mataifa mjini New York uliwaalika watunzi na waigizaji hao wajadili haki za binadamu na ugaidi. Edward James Olmos, aliyeigiza kamanda Adama, alikemea kwa hamaki mazoea ya kugawa wanadamu kwa rangi. Walikuwapo mezani maofisa wa Umoja huo pia. Kutoka Abu Ghraib hakuwapo mtu.