Dondoo muhimu: "Set", "dry" au "cure"?

Unaandika maelekezo ya saiti kwa Kiingereza? Jiulize kwanza kitu kinakuwa kigumu kwa sababu gani.

Baridi. Maji ni "freeze", nyuzi 0. Chuma kilichoyeyuka kikipoa ni "solidify", na mafuta ya nazi pia, ambayo huganda chini ya nyuzi 24 hivi. "Congeal" iachie damu na mafuta ya mchuzi uliolala. Neno hilo linatia kinyaa, usiliweke kwenye menyu.

Kukauka. "Dry" ni maji kutoka: rangi ukutani, chungu kibichi juani.

Kemia. Hapa ndipo wengi huteleza. Zege haliwi gumu kwa kukauka. Saruji huungana na maji, ndiyo maana hushika hata chini ya bahari. Zege linapoacha kuwa uji na kugoma kusawazishwa kwa mwiko, hiyo ni "set". Likiendelea kupata nguvu, "harden". "Cure" ni kazi ya fundi: kulimwagilia na kulifunika magunia yaliyoloweshwa, walau siku 7, ingawa nguvu yake kwa kawaida hupimwa siku ya 28. Ukiandika "let the slab dry for seven days", kibarua mtiifu atakunja mpira wa maji aende zake, na lawama ya nyufa itakuwa juu yako.

Gundi ya epoksi nayo ni "cure", japo haimwagiliwi. Jeli ya watoto kwenye friji ni "set" tu.