Picha ya Mfalme Kwenye Dirham



Katika darsa letu hapa Port Bell liliulizwa swali: sarafu yetu ya shilingi 500 ina korongo, ya 200 ina samaki, je, mtu akiswali nazo mfukoni, swala yake inasihi? Naona jibu linapatikana vizuri tukiifuata historia ya dirham yenyewe.

Neno dirham asili yake ni drakhma, sarafu ya fedha ya Wagiriki. Kwanza waliichora miungu na alama za miji yao. Alexander alipofariki mwaka 323 kabla ya Masihi, majemadari waliogawana dola yake, kama Ptolemy wa Misri, wakaanza kuweka sura zao wenyewe, utepe wa kifalme kichwani. Hata asiyejua kusoma alielewa: huyu ndiye mtawala wako.

Wafursi waliirithi desturi hiyo. Dirham za Wasasani zilikuwa na mfalme mwenye taji upande mmoja, na madhabahu ya moto upande wa pili. Hizo zilitumika Bara Arabu zama za Mtume (s.a.w.). Nisabu ya Zaka, dirham 200, ilitazama uzito wa fedha. Picha haikumwondolea mtu wajibu. Uajemi ulipofunguliwa, maliwali wa Kiislamu waliendelea kupiga sarafu zilezile, wakiongeza "Bismillahi" pembezoni.

Mwaka 77 Hijria, khalifa Abd al-Malik bin Marwan alitoa dinari isiyo na picha. Mwaka 79 dirham zikafuata. Palipokuwa na mfalme pakaandikwa tauhidi. Pwani yetu ilishika njia hiyo: sarafu za masultani wa Kilwa zina maandishi matupu, jina la sultani na kumtegemea kwake Mola.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, wanazuoni wengi wa leo wanasema swala inasihi, kwa sababu fedha ni haja ya kila mtu, picha imefichika, na mwenye kuibeba haitukuzi. Pili, tusishughulike na picha tukasahau haki iliyomo ndani ya fedha: imechumwa wapi, imetumika wapi, na Zaka yake imetolewa? Mwenzako wa bweni akikudai shilingi 500, anza kwa kumlipa. Habari za korongo zitafuata.

Wallahu aalam.