Kuijaribu Programu Mikononi mwa Watumiaji

Mkulima wa Kinjumbi, wilayani Kilwa, apokeapo fedha kwa M-Pesa kutoka kwa mwanawe aliyeko Dar es Salaam, hutumia programu ambayo hapo awali haikukusudiwa kazi hiyo.

Programu hupimwa kwa hatua mbili. Ya kwanza, alfa, hufanywa na watengenezaji wenyewe. Ya pili, beta, huachiwa watu wachache walioalikwa, waitumie katika shughuli zao. Hii ndiyo yenye mafunzo mengi, kwani mtengenezaji hujaribu alilolikusudia, ilhali mtumiaji hufanya analolihitaji.

Mwezi Oktoba 2005, nchini Kenya, Safaricom na Vodafone, pamoja na shirika la mikopo la Faulu, waliwaalika wateja wasiotimia 500 kuijaribu M-Pesa. Lengo lilikuwa kulipa mikopo midogo kwa simu. Waalikwa walilipa, lakini pia walitumiana fedha wao kwa wao. Wachuuzi waliyahifadhi humo mauzo ya siku hadi asubuhi. Wasafiri waliweka fedha walikotoka wakazitoa walikofika. Huduma ilipofunguliwa kwa umma Machi 2007, ilitangazwa kuwa njia ya kutuma fedha nyumbani. Tanzania iliipata mwaka 2008.

Zoezi: Tuseme programu ya kuwaarifu wakulima bei ya ufuta itajaribiwa Kinjumbi. Je, yatosha kuwaalika vijana wenye simu za kisasa pekee? Chagua waalikwa kumi, ukieleza kasoro ambayo kila mmoja aweza kuiona na wengine wasiione.