Kununua Tende na Zabibu kwa Wakati Wake

Soma kwanza: 1 Samweli 25:2-35; 1 Samweli 30:11-15; Amosi 8:4-6.

Somo letu la safari hii ni la jambo dogo la jikoni. Hata hivyo jambo hili dogo liliwahi kututoa jasho mbele ya mkutano wa akina mama, kama tutakavyoeleza huko mbele. Swali ni hili: zabibu kavu na tende, tuzinunue lini?

Tuanze na Abigaili. Mumewe Nabali alikuwa tajiri mwenye ulimi mchafu, akawatukana vijana wa Daudi waliokuja kwa heshima kuomba chakula. Daudi akaondoka na watu mia nne wenye panga. Abigaili alipoletewa habari hakuwa na nafasi ya kwenda sokoni. Alichukua mikate, divai, kondoo na bisi, na juu ya hayo zabibu kavu vishada mia moja na tini zilizoshindiliwa mikate mia mbili, akavipakia juu ya punda akaenda kumlaki Daudi njiani.

Habari hii inapohubiriwa, wengi husikia maneno yake ya busara tu. Sisi tuliozoea kushika funguo za stoo tunauliza pia: vile vishada mia vilitoka wapi? Imeandikwa kwamba ulikuwa wakati wa kukata manyoya ya kondoo. Katika nchi ile kazi hiyo hufanywa kati ya Machi na Mei hivi, hali zabibu huvunwa mwishoni mwa kiangazi chao, Agosti na Septemba. Basi zabibu zile zilikuwa zimekaa ndani ya nyumba zaidi ya nusu mwaka, nazo zilikuwa bado nzuri za kumpa mgeni. Mama yule alizianika na kuzitunza zilipokuwa tele. Na katika sura ya 30 tunamwona yule kijana wa Misri aliyeachwa na bwana wake shambani, siku tatu hajala wala hajanywa. Kipande cha mkate wa tini na vishada viwili vya zabibu vilimrudishia nguvu. Wanaokwenda kutembelea wagonjwa wataelewa. Mgonjwa asiyeweza kumaliza sahani ya ugali huweza kula tende tatu.

Sasa tuje kwetu pwani. Tende zetu hutoka Uarabuni, Iraki na Uajemi, ambako huvunwa zaidi Agosti hadi Oktoba. Wazee wetu walijua majira yake bila kalenda: majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi, kuanzia Desemba, yakiwa na tende na samaki wa chumvi, yakarudi na kusi yakiwa na boriti. Siku hizi zinakuja kwa meli kubwa, lakini mtende haujabadili mwezi wake wa kuzaa. Zabibu kavu nyingi za madukani nazo hutoka nje. Uturuki na Uajemi huvuna Agosti na Septemba, Afrika Kusini huvuna mwanzo wa mwaka. Mizabibu ya Dodoma huzaa mara mbili kwa mwaka, ila sehemu kubwa ya zao lake huenda kwenye mvinyo.

Lakini bei ya duka haifuati mavuno peke yake, hufuata pia sikukuu. Zabibu hupanda Desemba kwa sababu ya keki na pilau ya Krismasi. Tende hupanda ndugu zetu Waislamu wanapokaribia mfungo. Na hapa pana jambo la kukumbuka, maana Krismasi haihami na Ramadhani huhama. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wetu kwa siku kumi au kumi na moja, kwa hiyo kila mwaka mfungo hurudi nyuma kiasi hicho. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18 Februari, na Ramadhani ikaanza karibu siku iyo hiyo. Jirani na jirani wakafunga pamoja. Krismasi za 1998, 1999 na 2000 zilikuwa ndani ya Ramadhani, na hali hiyo itarudi. Mwaka 2030 utakuwa na mianzo miwili ya Ramadhani, Januari na mwisho wa Desemba, na Krismasi za 2031 na 2032 zitaingia katikati ya mfungo. Anayesema "mimi hununua tende Novemba kila mwaka, ndipo ni rahisi" ajue kwamba kanuni yake itamtupa. Kanuni iliyo salama ni kuhesabu kutoka Ramadhani yenyewe kurudi nyuma miezi miwili.

Tufanye hesabu kidogo, maana mwalimu hawezi kuacha. Bei hizi ni za mfano tu. Tuseme kilo ya zabibu kavu ni shs. 8,000 Septemba na shs. 12,000 wiki ya Krismasi. Nyumba moja inahitaji nusu kilo. Aliyenunua Septemba katoa 4,000, aliyengoja katoa 6,000. Faida ni shs. 2,000. Si haba, lakini si ya kupigia ngoma. Sasa mtazame yule anayenunua vifuko vidogo vya gramu 50 kwa shs. 1,000 kimoja. Nusu kilo yake ni vifuko kumi, yaani shs. 10,000! Kifuko kilimpotezea 4,000 zaidi ya msimu. Naye mara nyingi ndiye maskini kuliko wote, kwa sababu siku ile alikuwa na elfu moja tu mkononi.

Kwa hiyo kujua mwezi wa kununua humfaa kwanza mwenye fedha za kutangulia. Asiye nazo husaidiwa na kushirikiana. Nyumba kumi zikiweka shs. 500 kila juma kuanzia Julai, kufika Septemba zina fedha za kununua katoni kwa bei ya jumla na kugawana kwa mizani mbele ya macho ya wote. Tunasisitiza mizani, kwa kuwa kugawana kwa kikombe kumeleta ugomvi hata kati ya watu wa kwaya. Ila mtu asikope ili anunue mapema. Riba itakula ile elfu mbili, na zabibu zenyewe itakuwa kama zimenunuliwa Desemba.

Tuliahidi kueleza aibu yetu. Mwaka 2023 Idi iliangukia Aprili, katikati ya masika. Akina mama walikuwa wametukabidhi fedha za kununulia tende za wagonjwa, za kutosha mpaka Agosti. Baada ya Idi tulimkuta mwenye duka akipunguza bei ya zilizombakia, nasi tukafurahi sana na akili yetu, tukachukua katoni nzima. Tukaiweka sakafuni stoo, ndani ya boksi lile lile, karibu na dumu la mafuta ya taa. Hatukuifungua. Pentekoste, mwishoni mwa Mei, tulipokwenda kutoa za kumpelekea mzee mmoja aliyelazwa, harufu ilitupokea mlangoni. Za juu zilinuka mafuta ya taa, za kati zilikuwa na wadudu, za chini zilikuwa zimechacha. Mzee yule tulimwendea mikono mitupu. Jumamosi iliyofuata tulisimama mkutanoni tukaeleza, na tukailipa katoni ile kwa pensheni, miezi miwili. Hakuna aliyetulaumu kwa maneno. Mama mmoja tu alituuliza kwa upole kama mwenye duka naye hakuwa anajua kwa nini anapunguza bei.

Swali lake lilikuwa zuri kuliko hesabu zetu zote. Tende za baada ya Idi zimekwisha kukaa miezi tangu zivunwe, na masika yanapokuwa yananyesha hewa yetu ya pwani ni maji matupu. Bei hiyo ni ya kitu cha kuliwa juma hili au lijalo. Cha kuweka kinunuliwe kikiwa kipya na hewa ikiwa kavu.

Ukishanunua, fungua siku ile ile. Mwaga juu ya sinia safi, chagua moja moja, pasua chache utazame ndani kando ya kokwa. Kisha weka ndani ya chupa kavu za mdomo mpana zenye vifuniko vya kukaza, ndogo ndogo, ili ukifungua moja usizipe hewa zote. Andika tarehe. Weka juu kwenye rafu, mbali na mafuta ya taa na vitunguu. Mwenye friji azitie humo. Ukiona weupe juu ya tende usikimbilie kuzitupa: dondosha moja katika maji ya vuguvugu. Ikiwa ni sukari iliyoganda, itayeyuka. Weupe wenye manyoya na harufu ya uvundo ni koga, na hizo zitupwe zote, zisioshwe na kupewa watoto.

Limebaki jambo la Amosi. Baada ya somo kama hili kuna atakayewaza: kama tende hupanda wakati wa mfungo, kwa nini tusinunue katoni ishirini mapema tukawauzie majirani? Biashara si dhambi, na mwenye duka anayeleta mzigo kutoka mbali anastahili faida yake. Lakini kufungia chakula ndani na kungoja njaa ya jirani ifike mahali pake, ndiko alikokukemea nabii kwa wale waliongoja mwandamo wa mwezi upite ili wafungue ghala. Tena hawa ni watu wanaotuletea sahani siku ya Idi, nasi tunawapelekea siku ya Krismasi. Kwa maoni yetu, tununue mapema ya nyumbani na ya wagonjwa, tuishie hapo.

Kwa mazungumzo ya vikundi: Abigaili alitoa vingi kutoka stoo bila kumwambia mumewe kwanza, je, mtunza stoo wa nyumba au wa kikundi ana ruhusa gani wakati wa hatari? Na katika mtaa wako, ni nani anayenunua kwa vifuko kwa kukosa wa kushirikiana naye? Mtajeni kwa siri kwa mzee wa kanisa, si mbele ya watu.

Kazi ya nyumbani: chukua daftari la mtoto lililobaki kurasa, andika bei ya kilo moja ya tende na ya zabibu Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kwa duka lile lile, mpaka mwaka uishe. Leteni madaftari Jumapili ya kwanza ya Januari baada ya misa, tuyalinganishe.