Kila shabiki ana hadithi yake



Jumapili mchana, katika miji na vijiji vyetu vingi, watu huacha shughuli zao na kwenda uwanjani. Mpira hukusanya watu ambao hawakutani mahali pengine: Wakristo na Waislamu, makabila mbalimbali, mwalimu na mwendesha pikipiki. Hiyo ni nafasi kubwa ya kujenga amani. Lakini tumeona pia uwanja ukigeuka mahali pa kilio. Somo la leo haliwahusu wachezaji. Linatuhusu sisi mashabiki.

Shabaha ya somo: Kutambua namna maneno yanayosemwa juu ya mashabiki wa upande wa pili yanavyoweza kuleta fujo, na kujifunza kuwasikiliza wao wenyewe.

1. Butembo: shutuma zilizoleta vifo

Mwezi wa Septemba 2008, timu mbili zilikuwa zinacheza Butembo, Kivu ya Kaskazini. Katikati ya mechi, mchezaji mmoja alishutumiwa kwamba anatumia uchawi. Hakuna aliyeweza kuhakikisha jambo hilo, lakini neno likakimbia kuliko mpira. Watu wakaanza kupigana, polisi wakarusha gesi ya kutoa machozi, na umati ukakimbilia milangoni. Watu zaidi ya 10 walikufa, wengi wao wakiwa watoto na vijana waliokanyagwa katika msongamano.

Tuangalie mpango wa mambo: kwanza shutuma, kisha hasira, kisha ngumi, kisha gesi, kisha vifo. Ni vigumu sana kusimamisha umati unaokimbia. Ni rahisi zaidi kusimamisha neno likiwa bado mdomoni mwa mtu mmoja. Kila mmoja aliyekuwa uwanjani angeweza kuuliza: "Wewe umeona nini kwa macho yako?"

2. Uingereza: uongo uliodumu miaka 27

Shida hii si ya Congo peke yake. Tarehe 15 Aprili 1989, mashabiki wa Liverpool walikwenda mji wa Sheffield kuona mechi kwenye uwanja wa Hillsborough. Polisi walifungua mlango mkubwa ili kupunguza msongamano wa nje, lakini hawakufunga njia iliyoelekea sehemu ambayo ilikwisha kujaa. Mbele kulikuwa na uzio wa chuma. Watu walibanwa hadi kukosa pumzi, na kwa jumla 97 walikufa. Wa mwisho alifariki mwaka 2021 kwa sababu ya majeraha ya siku ile.

Juu ya msiba huo ukaja uongo. Ilisemwa kwamba mashabiki walikuwa walevi, kwamba wao ndio waliouvunja mlango, hata kwamba waliwaibia maiti. Watu wengi waliamini, kwa sababu walikwisha kusikia kwamba mashabiki wa mpira ni watu wa fujo. Wazee wetu walisema: Asiyekuwapo na lake halipo. Wafu hawakuwa na mdomo wa kujitetea.

Familia zao hazikunyamaza. Uchunguzi mpya wa mahakama ulipoanza mwaka 2014, jamaa walipewa nafasi ya kueleza, mmoja baada ya mwingine, mpendwa wao alikuwa mtu wa namna gani: mtoto wa nani, alipenda nini, alitazamia kufanya nini maishani. Mwaka 2016 baraza la mahakama likaamua kwamba watu hao waliuawa kinyume cha sheria, na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa.

Tukumbuke jambo moja zaidi. Katika mji wa Liverpool kuna timu nyingine, Everton, wapinzani wa miaka mingi. Baada ya msiba, mashabiki wa timu zote mbili walifunga skafu zao pamoja, nyekundu na bluu, zikawa mnyororo mrefu kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Upinzani haukuwazuia kulia pamoja.

3. Côte d'Ivoire: furaha peke yake haitoshi

Tangu mwaka 2002 vita viliigawa Côte d'Ivoire, kaskazini na kusini. Oktoba 2005, timu ya taifa ilipopata nafasi ya kwenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, Didier Drogba na wenzake walipiga magoti mbele ya kamera na kuomba silaha ziwekwe chini. Tarehe 3 Juni 2007, baada ya mapatano kutiwa sahihi, timu hiyo ilicheza Bouaké, mji uliokuwa makao makuu ya waasi, ikaifunga Madagascar 5-0. Watu walishangilia timu moja.

Hata hivyo, baada ya uchaguzi wa 2010 mapigano yalirudi. Mpira hufungua mlango. Kuingia na kukaa kuzungumza ni kazi yetu wenyewe.

4. Zoezi kwa kikundi

Kabla ya mechi kubwa, mwaliko utolewe kwa mashabiki watano wa kila timu. Wakae wawili wawili, mmoja wa kila upande. Kila mmoja, kwa dakika tano, amweleze mwenzake:

- Nani alinipeleka uwanjani mara ya kwanza?
- Ni mechi gani siwezi kuisahau?
- Ni maneno gani ya upande wenu yanayoniumiza?

Anayesikiliza asibishane. Kisha asimame mbele ya wote na kusimulia hadithi ya mwenzake. Mwenye hadithi amsahihishe akikosea.

Tulipofanya zoezi hili, kijana mmoja alisimulia kwamba jezi anayovaa ni ya marehemu baba yake; hakuna kingine alichoachiwa. Mwenzake alipofika zamu ya kuisimulia hadithi hiyo, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Jezi hii tulikuwa tunaicheka kila Jumapili kwa sababu imechakaa. Hatukujua." Wanaendelea kushabikia timu mbili mbalimbali, na wanaendelea kutaniana. Lakini juu ya jezi ile, hakuna anayecheka tena.

Mwisho, wote kumi wapatane: nyimbo zipi za kutukana kabila hazitaimbwa, nani atahakikisha habari ya uvumi inapotokea, na nani ataangalia milango ya uwanja isifungwe wakati wa mechi.

Maswali ya kujadili

1. Katika mtaa wetu, tunasema nini juu ya mashabiki wa timu nyingine? Tumeyajua namna gani?
2. Je, tulikwisha kushutumiwa kwa jambo tusilolifanya? Nani alitusikiliza?
3. Jumapili ijayo, ukisikia uvumi uwanjani, utafanya nini kwanza?