Ikulu Ilipomtoka Musa

Andiko: Kutoka 2:11-15, Matendo 7:22-30, Waebrania 11:24-26

Musa alilelewa ikulu kama mwana wa binti Farao. Alisoma elimu yao yote. Na nyumba ile iliamini kwamba Mmisri ni wa kutawala, Mwebrania ni wa kufinyanga matofali. Lakini siku moja akatoka nje akaitazama mizigo yao, akaona kumbe ni ndugu zake.

Hebu angalia alichofanya. Aliua mtu, akamzika mchangani. Moyo ulishahurumia, lakini mkono ulikuwa bado wa Farao: ukikasirika, piga. Ndipo akaishia Midiani, miaka 40 akichunga kondoo. Soma Mwanzo 46:34: Wamisri waliwachukia sana wachungaji! Mwana wa ikulu akawa kile ambacho ikulu ilidharau. Hapo ndipo ikulu ilipomtoka.

Hata hapa kwetu kuna mtu aliyetoka kutazama. Mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa kwenye malisho ya Nakuru na Naivasha ili walowezi wapate mashamba. Wengine wakapelekwa Laikipia. Mwaka 1911 serikali ya kikoloni ikataka watoke huko pia. Dkt. Norman Leys, Mwingereza, alikuwa daktari wa serikali hiyo hiyo na alikula mshahara wake. Lakini aliona wanavyoonewa, akaandika barua Uingereza kuwatetea. Akahamishwa nchini. Hakunyamaza: mwaka 1924 akatoa kitabu, Kenya, akieleza dhuluma ya ardhi na ya kazi.

Sasa mimi na wewe je? Ikulu si ya Farao peke yake. Nakuru tunakumbuka Januari 2008, majirani zetu walipolala kwenye mahema pale Showground. Moto ule haukuanza na kiberiti. Ulianza mezani, tulipowaambia watoto, "Hawa watu wa kabila fulani ndivyo walivyo." Na yule dada anayekusaidia kazi nyumbani, anakula wapi? Kikombe chake mmekitenga?

Wiki hii toka nje. Keti na mtu ambaye kwenu alidharauliwa. Usianze kwa kumpa kitu, anza kwa kumsikiliza.

Swali la ushirika wa nyumbani: Ni neno gani ulilofundishwa kuhusu watu wengine, ambalo hungependa watoto wako walirithi?

Tuombe: Bwana, tutoe ikulu, kisha uitoe ikulu ndani yetu. Amina.