JE, DISKI PACHA NI AKIBA?

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Ni kweli, lakini akiba ya siku hizi hufutika, tena kwa sekunde chache tu.

Nazungumzia kile kijisanduku chenye diski mbili au zaidi, kinachounganishwa kwa waya na ruta ili kila mtu nyumbani aweke faili zake humo kupitia waifai. Mjomba wangu hupiga picha za harusi na kazi yake yote imo katika kimoja. Humo pia mna picha za marehemu nyanya, ambazo hazikuwa mahali pengine popote. Nilipomwuliza nakala iko wapi, alicheka: "Mpwa wangu, si diski ziko mbili?"

Diski hizo huandikwa sawasawa, kama mtu na kivuli chake. Moja ikiharibika, nyingine huendelea na kazi. Hilo ni zuri, sikatai. Lakini ukifuta picha, imefutika kote. Mwizi akikibeba kijisanduku, amezibeba zote. Stima ikirudi kwa kishindo, yaweza kuziunguza zote. Hiyo ni spea tu kama ya matatu: gari likitumbukia mtoni, spea nayo imo ndani.

Kuna pia wezi wasioonekana. Mwezi wa Juni 2021, watu wa nchi mbalimbali wenye vifaa vya My Book Live vya kampuni ya Western Digital walikuta diski zao ni tupu. Vifaa hivyo havikuwa vimepata masahihisho ya programu tangu mwaka wa 2015. Isitoshe, sehemu iliyopaswa kuuliza nywila kabla ya kufuta kila kitu ilikuwa imezimwa na watengenezaji wenyewe! Januari 2022 ikawa zamu ya vifaa vya QNAP, kampuni ya Taiwan. Wahalifu wenye programu iitwayo DeadBolt walizifunga faili za watu, kisha wakadai bitcoin 0.03 kwa kila kifaa. Walioumia ni wale ambao vifaa vyao vilifikika moja kwa moja kutoka kwenye intaneti.

Kwa hivyo ufunge mlango huo kwanza. Ingia katika ruta, uzime ile ruhusa ya vifaa kujifungulia njia ya nje. Jina la "admin" lililokuja na kifaa usilitumie. Nywila iwe ndefu; jina la mbwa wenu halitoshi. Masahihisho yakitoka, yaweke. Kampuni ikisema haitatoa mengine, kitenge kifaa hicho na intaneti hata kama bado kinafanya kazi vizuri.

Kuhusu nakala, mafundi wana hesabu ya tatu, mbili, moja: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumba. Mjomba alisema hiyo ni hesabu ya matajiri. Basi tukaanza na vile visivyopatikana tena, yaani picha za nyanya na za wateja ambao hawajachukua zao. Diski ya nje huchomekwa Jumapili jioni, na ikishanakili huchomolewa. Huko kuchomoa ndiko muhimu, maana mhalifu hawezi kufunga kitu kisichounganishwa. Diski nyingine inakaa kwetu, ndani ya sanduku la nguo la mama, nayo imefungwa kwa nywila. Kila mwisho wa mwezi tunachagua picha tano ovyo ovyo na kuzirudisha kwenye kompyuta tuone kama zitafunguka. Nakala isiyojaribiwa ni ahadi tu.

Mwenzangu mmoja chamani aliuliza, kwani kuweka kwenye intaneti hakutoshi? Inahesabika kuwa ile nakala ya mbali, ukiwa na pesa za bando. Lakini kagua kwanza kama inafuata kila badiliko, kwa sababu ukifuta nyumbani, na huko itafuta. Katika Google Drive, kilichotupwa hukaa siku 30, kisha huondoka kabisa.